Kokorechi na Swali Lako la Duka

Brussels, Saint-Josse
Jumatatu asubuhi, Hamza amelala

Mama yangu mpenzi,

Assalam alaykum. Miezi saba sijakuandikia, na hata nilipopiga simu nilichagua saa ambayo najua uko kwenye makaa, ili apokee Saidi peke yake. Naomba unisamehe. Sitakuambia ni kazi, wala sitakuambia ni watoto, ingawa kazi ni nyingi na watoto ndio hao unaowajua. Nilikuwa nakukimbia, mama.

Mara ya mwisho tulipozungumza mimi na wewe uliniuliza swali moja tu. Ulisema, "Mkwe wangu wa huko kanitumia salamu, mimi na duka langu. Duka gani, Zaituni?" Nami nikapaza sauti, alo, alo, mama sikusikii, laini mbaya, nikakata. Laini haikuwa mbaya. Nilikusikia mpaka pumzi. Barua hii ndiyo jibu la swali lile, na kabla hujaendelea nakuomba uisome mwenyewe. Usimpe Saidi akusomee barazani. Ni ndugu yangu na nampenda, lakini mdomo wake ni redio. Soma polepole kama unavyosoma wewe, hata ikichukua wiki. Nimeandika herufi kubwa makusudi.

Goti lako je? Lile jimaji limepungua, au bado unapanda ngazi kwa kukaa? Na macho, ulipata ile dawa ya matone? Mvua zimeanza? Pale pako pa kuuzia ukutani mmeachiwa, au bado mnahamishwa hamishwa? Najua maswali haya ningepaswa kuyauliza kila mwezi, si kuyarundika leo kama nguo chafu.

Sisi tu wazima. Idrisa bado anasafisha mabehewa ya treni pale stesheni ya Gare du Midi. Wiki hii anaingia alfajiri, wiki ijayo mchana, donc basi tunapokezana watoto mlangoni kama watu wanaopokezana ndoo bombani. Nasra ametimiza miaka sita, meno mawili ya mbele yameng'oka na bado anatushinda sote kwa maneno. Hamza anaota meno, anauma kila kitu, juzi kauma sabuni. Nimechoka, mama. Ule uchovu wa kusimama mbele ya sufuria usijue kama umeshatia chumvi.

Kazi yangu nilikwambia ni restora. Sikukwambia restora gani. Ni kijumba cha Waturuki kwenye barabara inayopanda kwenda Schaerbeek, meza sita, kioo cha mbele chote mvuke. Mwenyewe anaitwa Kemal, ila watu humwita Usta, ndiyo kama kusema fundi. Mkewe ni Emine, kanizidi umri, namwita abla, yaani dada mkubwa. Mimi nafagia, naosha masufuria, nakata vitunguu. Siku za wiki wanauza ile nyama inayozungushwa kwenye chuma, wanaifunga ndani ya mkate mwembamba. Lakini Jumamosi wanapika kitu kingine kwa ajili ya watu wao, wengine wanatoka hata Charleroi kuja kukila. Kinaitwa kokorechi.

Mama, kokorechi ni utumbo.

Ni utumbo wa mwanakondoo. Wanauosha, wanausokota kwenye chuma kirefu kuzunguka mafuta na vinyama vya ndani, tabaka juu ya tabaka, mpaka unanenepa kama paja la mtoto. Kisha wanaulaza juu ya makaa na kuugeuza taratibu. Ukiiva Usta anaukatakata ubaoni kwa jisu lake, ta ta ta ta, anachanganya nyanya na pilipili na jani fulani kavu linalonukia, anaujaza kwenye nusu mkate. Siku ya kwanza nilipouona nilirudi kwenye masufuria yangu. Nimevuka nchi ngapi ili nisionekane karibu na kitu hiki, nikakikuta kinaningoja jikoni.

Sasa nikueleze duka.

Nilipoolewa na Idrisa wewe hukuwepo, viza walikunyima, unakumbuka. Mama yake, Bi Rukia, anakaa Auderghem karibu na msitu, nyumba yenye ukimya mpaka unasikia saa ya ukutani chumba cha pili. Alikuja huku zamani na mumewe, aliyekuwa mtu wa ofisi kubwa, Mungu amrehemu. Kikombe cha chai kwake kina kisahani, kisahani kina kitambaa, kitambaa kimepigwa pasi. Siku ya kwanza aliniuliza kwa upole kabisa, "Na mama yako, mwanangu, anafanya shughuli gani?" Mimi nikatazama kile kitambaa. Nikasema, "Ana duka la vitenge."

Lilitoka lenyewe. Sikulipanga. Ila nililiacha likae, na hapo ndipo kosa langu lilipo, maana neno la siku moja laweza kuteleza, lakini miaka saba haitelezi. Idrisa naye nilimwambia hivyo hivyo. Nasra naye.

Unakumbuka nilipokuomba vitenge kumi na viwili vya rangi moja? Ulinicheka, ukasema, "Kwani huko Ulaya mnatembea uchi?" Ilikuwa harusi ya wifi yangu. Mama mkwe alitangaza mbele ya wanawake wote, "Bon, safari hii tunavaa vya dukani kwa mkwe wangu." Wewe ukazunguka soko zima na goti lako hilo, ukavipata, ukavituma, hukuuliza zaidi. Nami nikavigawa nikisema mama anawasalimu kutoka dukani. Walipendeza. Changu sikukivaa, nilisema kimenibana.

Kisha ikaja akika ya Hamza, tukaifanyia huko huko Auderghem. Watu wameshakaa, mara anaingia Bi Mwamini, jirani yetu wa avenyu ya nyuma, aliyekuwa amekuja kumtembelea mwanawe huko mjini Anvers, kafuatana na wageni wetu. Nilimwona kabla hajaniona. Nikainamia sinia la pilau kama mtu aliyeangusha pete. Haikusaidia. Alinijia moja kwa moja, mikono ameifungua, sauti ile yake ya mtaani kwetu Buyenzi.

"We! Si mtoto wa Mama Utumbo huyu?"

Mama mkwe alikuwa hatua mbili. Nikasema, "Hapana, bibi. Umenifananisha."

Alinitazama. Akamtazama Nasra, ambaye kachukua paji lako la uso lote, kama mlilikata kwa mkasi mmoja. Kisha akashusha mikono, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Nisamehe, mwanangu. Macho ya uzee haya." Akaenda kukaa upande wa pili. Mtu mzima yule alijifanya kipofu ili mimi nisiumbuke. Mama mkwe akacheka nyuma yangu, "Mama Utumbo! Watu wa Buyenzi na majina yao." Nami nikacheka, mama. Nilicheka.

Lakini Mungu si Athumani. Wakati wa kuagana, mama mkwe aliposikia kuwa yule bibi anarudi Bujumbura, akamfungia kopo la biskuti na mtandio wa hariri. "Mpelekee mkwe wangu, mama yake huyu Zaituni. Ana duka la vitenge huko huko kwenu, ukiuliza watakuonyesha. Mwambie namsalimu yeye na duka lake." Bi Mwamini akapokea kwa mikono miwili. Hakunitazama. "Nitamtafuta mpaka nimpate," akasema.

Kama alikuhadithia yote, basi haya unayajua na ulikuwa unanipima. Kama alikupa biskuti na salamu tu akanyamaza, ujue yeye ndiye aliyetusitiri wote wawili, mimi nilikuvua nguo. Halafu ukanipigia simu. Halafu laini ikawa mbaya.

Baada ya hapo sikuweza kuandika. Nilianza barua nne. Kila moja ilifika kwenye "goti lako je" ikafia hapo.

Aliyekuwa akiosha utumbo pale kazini alikuwa binamu yake Usta. Akaanguka kwenye baiskeli, akavunjika mkono. Ijumaa ile ndoo mbili zimejaa, Emine abla amekunja mikono ya nguo anahangaika, utumbo unamponyoka, unachanika, anaulaani kwa Kituruki. Mimi nafagia, naangalia. Nilivumilia mpaka alipotaka kuumwagia maji ya moto ungali na uchafu ndani. Ukiumwagia maji ya moto mapema harufu inakaa milele, hilo hata Saidi anajua.

"Abla," nikasema, "toa mikono yako humo."

Nikakunja ncha kama mtu anavyokunja mkono wa shati, nikamimina maji taratibu, nikausukuma kwa mpini wa mwiko kwa kuwa kijiti cha mwanzi kama chako sina. Ukaanza kujigeuza wenyewe, dhiraa baada ya dhiraa, vile vile unavyojigeuza mikononi mwako. Nikauparuza kwa mgongo wa kisu. Chumvi, ndimu, maji. Chumvi, ndimu, maji. Nikaona vidole vyangu chini ya beseni nikataka kuacha, kisha nikakusikia: "Maji yakikuonyesha vidole, bado mara mbili." Nikaongeza mara mbili.

Emine abla alikuwa amesimama nyuma yangu na taulo begani. Akachukua kipande, akanusa, akanusa tena, akamwita mumewe anuse.

"Wewe msichana, nani kakufundisha?"

"Niliona kwenye televisheni."

"Televisheni gani inaonyesha utumbo?"

"Ya Afrika."

Alicheka mpaka akakaa juu ya gunia la vitunguu. Nami nikacheka naye. Mara ya pili hiyo nimekukana, na safari hii nikiwa natumia mikono yako.

Kuanzia hapo kazi ya kuosha ikawa yangu. Zikapita Jumamosi kadhaa. Kisha ikafika moja ambayo Idrisa aliitwa kazini ghafla, Hamza nikamwacha kwa jirani wa chini, Nasra nikaja naye. Walimkalisha juu ya kiti kirefu karibu na makaa, kapewa mkate, miguu inaning'inia. Watu wamejaa. Akaingia Stavro, Mgiriki anayeuza samaki duka la tatu kutoka letu. Kila Jumamosi yeye huja kula na kugombana, sijui kipi anakipenda zaidi.

"Usta, kokoretsi yetu imeiva?"

"Yenu tangu lini?"

"Tangu babu zako hawajashuka farasi! Sisi tunaila Pasaka, na kondoo mzima pembeni."

Usta hakuinua hata kisu. "Mara moja kwa mwaka. Mtu gani anakutana na kitu chake mara moja kwa mwaka? Mimi nakila kila wiki. Mke unayemwona Pasaka hadi Pasaka si wako, Stavro, ni wa jirani."

"Kemal, kuna mtoto hapa," akasema Emine abla.

"Jina lenyewe la Kigiriki," Stavro akashikilia.

"Jina limeandikwa kwenye kioo changu. Nenda kasome."

Kwenye meza ya pembeni alikuwa amekaa Mualbania mmoja, fundi wa rangi, nyusi zote nyeupe kwa chokaa. Akaweka mkate wake chini. "Wezi wote wawili. Jina ni la kwetu. Kwetu ni kukurets, na maana yake gunzi la mahindi. Tazameni!" Akaelekeza kidole kwenye makaa. "Ule msokoto, ule mstari mstari, si gunzi lile? Muulizeni mtoto, mtoto hana chama."

Nasra akatazama kwa makini. "Ni gunzi," akasema.

Mama, waligonga meza! Mualbania anashangilia kama kafunga goli. Mzee mmoja Mturuki akasema huko kwao watu wana hofu kwamba siku nchi yao ikiingia Umoja wa Ulaya, Ulaya itawakataza kokorechi. Stavro akamwambia, "Wewe si uko Ulaya sasa hivi, na unaila?" Mzee akajibu, "Ndiyo maana naila haraka."

Usta akangoja vicheko vipungue. "Bon. Jina chukueni, gawaneni. Ila mtu wa kwanza aliyetia mkono ndani ya uchafu ule akasema hapa kuna chakula, alikuwa nani?"

Wakafikiri. Mzee yule akasema, "Mtu ambaye paja la kondoo lilikuwa la mwingine."

"Alikuwa mama yangu," akasema Emine abla. "Kule Izmir aliosha utumbo wa mtaa mzima. Tulikuwa saba, wote tumesimama kwa utumbo." Alisema kwa sauti, mbele ya wateja, kidevu juu, kama mtu anayesema mama yangu alikuwa waziri. Kisha akamgeukia Nasra. "Na wewe, bibi yako huko Afrika anajua kupika kitu kama hiki?"

Nasra akafuta mdomo. "Bibi yangu hapiki. Bibi yangu ana duka kubwa la vitenge. Watu wanavivaa harusini."

Na kidevu chake kikapanda vile vile kama cha Emine abla.

Watu wazima walikuwa wanagombania utumbo kama wanagombania shamba la urithi. Mle ndani mwenye haki nao bila ugomvi wowote alikuwa huyu mtoto, mjukuu wako, na ndiye aliyekuwa anaukana, kwa fahari, kwa maneno yangu. Nilikuwa na beseni mikononi. Nililiweka chini kwa sababu lilianza kumwagika.

"Nasra," nikasema, "bibi hana duka."

"Analo. Ulisema."

"Nilisema uongo. Bibi anauza utumbo. Anauosha, anausokota kwenye vijiti, anaubanika kwa makaa pale mtaani kwetu. Amenilea hivyo, mimi na mjomba Saidi, hata miaka ile ya risasi hakuacha. Huu niliouosha leo kanifundisha yeye."

"Kwa nini ukasema duka?"

Mafuta yalikuwa yakidondoka juu ya makaa.

"Niliona haya."

"Ya nini?"

Mama, niliinama kuokota beseni. Jibu nalitafuta mpaka leo. Stavro akatazama viatu vyake. Usta akakata nusu mkate, akaujaza, akampa Nasra. Emine abla akatikisa kichwa. "Televisheni ya Afrika," akasema, na safari hii hakucheka.

Nyumbani nikamwambia Idrisa. Alikuwa akivua viatu vya kazi, kiatu kimoja kilimchukua muda mrefu. "Miaka saba," akasema, "mimi naogopa kwamba umeolewa na mtu wa chini kuliko kwenu. Miaka saba nakwepa kukutana na mama yako." Akaenda kuoga. Alirudi kuzungumza nami siku ya tatu, kwanza kuhusu Hamza, kisha kuhusu mengine.

Akabaki mama mkwe. Sikutaka kumwambia nyumbani kwake, kwenye vile vitambaa, maana najua ningeteleza tena. Nikamwalika pale kazini. Alikuja na glavu na mkoba, akapangusa kiti kabla ya kukaa, akasema vyakula vya kushika mkononi ni vya wanafunzi. Nikamwekea kokorechi. Akala. Akala vizuri, mama, mpaka akavua glavu ya pili.

"Nyama gani hii, mwanangu? Laini hivi?"

"Utumbo."

Akaacha kutafuna. Kisha akameza. "Nani aliuosha?"

"Mimi."

"Ulijifunzia wapi?"

"Kwa mama. Ndiyo kazi yake. Hana duka, hajawahi kuwa na duka. Yule bibi wa akika hakunifananisha. Mama Utumbo ni mama yangu."

Alijifuta vidole kimoja kimoja. Nilitegemea atasema kuhusu utumbo. Hakusema kuhusu utumbo hata kidogo.

"Vile vitenge?"

"Alivitafuta sokoni kwa sababu nilimwomba."

"Alijua ni vya nini?"

"Hakujua."

"Na salamu zangu? Namsalimu yeye na duka lake?" Sauti yake ikapanda, watu wakageuka. "Yaani mwanamke anakaa juani kwenye moshi, na mimi huku, na mtandio wangu wa hariri, namtumia kejeli? Mbele ya jirani yake? Umenifanya nimtukane mkwe wangu, Zaituni, na mimi nimevaa vitenge alivyonitafutia!"

Nilisema tu ndiyo, mama. Ndiyo, mama. Akafunga kokorechi iliyobaki kwenye karatasi ya fedha, akaitia mkobani, akasimama. "Nitamwandikia mimi mwenyewe. Lakini wewe utaandika kwanza." Tangu siku hiyo ananiita Zaituni. Zamani alikuwa ananiita mwanangu. Barua yake imo kwenye mfuko huu huu, sijui kaandika nini, imefungwa kwa gundi.

Mama, najua sasa hivi unataka kusema, "Si kitu, mwanangu, yamepita." Nakuomba, na hapa nakaza sauti kidogo, usiseme hivyo. Si haraka hivyo. Ukinisamehe kwa simu moja nitalala vizuri siku mbili, kisha nitarudi kuwa yule yule. Kasirika kwanza. Nisimulie ilikuwaje ulipopokea lile kopo la biskuti, ulimwambia nini Bi Mwamini, ulilala vipi. Nataka kujua nilichokufanyia, maana mimi nimekiona upande wa huku tu.

Na kuna jambo la jina. Emine abla amesema Jumamosi moja ya mwezi nipike utumbo wetu, wa vijiti, si wa chuma kirefu, na Usta anataka kuandika jina kwenye kioo chini ya kokorechi yao. Aliniuliza tuiteje. Nilimwambia jina lipo ila si langu, nilishalitupa mara moja, siwezi kuliokota bila kuomba. Ukiniruhusu, ataandika Mama Utumbo, na wakigombana Mgiriki na Mualbania kwamba umetoka wapi, Nasra atawaambia umetoka Buyenzi. Ukikataa, tutaandika mishikaki tu, na sitauliza tena.

Mfuko huu anakuletea Mzee Rajabu, anayekuja huko kumwona dada yake. Atakaa wiki tatu, kisha anarudi, na kasema ana nafasi kidogo kwenye sanduku.

Nisalimie Saidi, mwambie apunguze soda. Msalimie shangazi Tatu wa dagaa, na maalimu aliyenifundisha Kurani, asiambiwe haya mpaka nimwandikie mwenyewe. Wasalimie wale wasichana wawili wanaokusaidia kupepea makaa. Bi Mwamini usimpe salamu, salamu ni ndogo. Mwambie nimeshika miguu yake. Idrisa anakusalimu, anasema safari hii ombi la viza atalijaza yeye. Nasra anauliza kama utumbo una mwisho.

Ni mimi mwanao, niliyekulia pembeni ya makaa yako na kuwaambia watu sikukulia hapo,

Zaituni, mama yao Nasra na Hamza

Ninavyohitaji Mzee Rajabu aniletee, mama: kijiti cha mwanzi cha kugeuzia, kile kifupi, kirefu hakifai kwenye masinki ya huku. Vijiti vya kubanikia kiasi cha mafungu mawili, vya huku vinaungua. Pilipili uliyoitwanga wewe, si ya dukani, kwenye chupa iliyofungwa vizuri maana mara ya mwisho ilimwagikia nguo za watu. Uniandikie chumvi unaitia kabla ya ndimu au baada, kwa mnyama mzee, hapo nimesahau. Anwani ya mtoto wa Bi Mwamini wa Anvers, akija tena niende nyumbani kwake, si yeye aje kwetu. Jibu la jina, ndiyo au hapana. Na barua yako, ya mkono wako mwenyewe. Ikiwa na matusi, yaache yote.